Donge la Uzi la Profesa James

Mwaka 1978 nilihamishiwa katika chuo cha ualimu huko nyanda za juu kusini, nikiwa mkufunzi wa saikolojia ya elimu mwenye umri wa miaka 28 na vitabu vitatu tu vya kufundishia. Katika maktaba ya chuo palikuwa na kabati moja ambalo wanachuo waliliita makaburini, kwa kuwa vitabu vilivyolazwa humo havikutarajiwa kufufuka. Humo ndimo nilimokiokota kitabu cha William James kiitwacho Talks to Teachers. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini maandishi yalikuwa yamesalimika. Nilikisoma usiku mmoja kwa mwanga wa kandili hadi karibu na alfajiri, na kwa miaka ishirini na ushei iliyofuata nilikifundisha kana kwamba nimekiandika mimi.

Sasa nataka kukikosoa. Nimechelewa, najua. Mwandishi amelala kaburini tangu mwaka 1910, na mtu mmoja ambaye angestahili kunisikia nikisema haya naye hayupo. Lakini kitabu kipo, na mawazo yake yametapakaa kuliko jina lake. Kila anayemwambia mraibu wa pombe, sigara au unga kwamba akiteleza mara moja tu amerudi sifuri, huyo anasema maneno ya James, ajue asijue.

Kwanza apewe haki yake. James alizaliwa New York mwaka 1842, akasomea udaktari, akaishia kufundisha saikolojia na falsafa pale Harvard. Kitabu chake kikubwa, The Principles of Psychology, kilitoka mwaka 1890 katika majuzuu mawili mazito. Mwaka 1892 aliombwa awahutubie walimu wa mji wa Cambridge, Massachusetts, na hotuba hizo ndizo zilizozaa kitabu hiki kidogo kilichotoka mwaka 1899. Nimesoma vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya walimu, na vingi vyao huwasemesha walimu kama watoto wakubwa. James hafanyi hivyo. Anawaambia waziwazi kwamba saikolojia ni elimu, ilhali kufundisha ni sanaa, na kwamba wasitegemee kuchuma mbinu za darasani moja kwa moja kutoka kwenye maabara. Mkufunzi wa saikolojia anayesoma maneno hayo hupungukiwa majivuno kidogo, na hilo ni jambo jema.

Sura ya nane inahusu mazoea. Hoja yake ni kwamba mazoea yamo mwilini, katika mishipa ya fahamu, kama mkunjo ulivyo katika karatasi: ukishaikunja mara moja, kila uikunjapo tena hupenda kufuata mkunjo ule ule. Katika kitabu kikubwa anakitoa tena kisa alichokipata kwa Huxley, cha askari mstaafu aliyekuwa akipita njiani amebeba chakula chake, mtu mmoja mwenye mzaha akamwamrisha ghafla kwa sauti ya kijeshi. Mzee akashusha mikono pembeni, chakula kikaishia mtaroni. Wanachuo wangu waliokwisha kupita Jeshi la Kujenga Taifa walikipenda sana kisa hicho. Ilitosha niseme “Mguu sawa!” katikati ya somo, na nusu ya darasa wakajikuta wamenyooka vitini.

Kutokana na hayo anawahimiza walimu waufanye mwili kuwa mshirika wa mtoto badala ya kuwa adui yake. Mambo mengi ya kila siku yakabidhiwe kwa mazoea mapema iwezekanavyo, ili akili ibaki huru kwa kazi zinazoihitaji. Anamwonea huruma mtu ambaye hana zoea lolote isipokuwa kusitasita, ambaye kila asubuhi huanza upya kujiuliza aamke saa ngapi. Nimekuwa mkuu wa chuo, nimeishi na kengele, gwaride la asubuhi, zamu za jikoni na kazi za shamba, na katika hili sina neno la kupunguza. Hapa James alikuwa sahihi.

Halafu zinakuja kanuni. Mbili za kwanza anasema amezitoa kwa Profesa Bain wa Scotland. Ya kwanza ni kwamba ukitaka kuanza zoea jipya au kuacha la zamani, anza kwa kishindo: jizungushie kila kitu kitakachokusaidia, na ikiwezekana weka ahadi hadharani. Ya pili ni kwamba usiruhusu hata mara moja kulivunja zoea jipya kabla halijaota mizizi. Ya tatu, tenda papo hapo nafasi ya kwanza inapojitokeza. Ya nne inawahusu walimu, kwamba wasihubiri mno. Ya tano, jizoeze kila siku kufanya jambo dogo lenye ugumu bila sababu nyingine, ili nia isilegee. (Ile ya nne nilikuwa naipitia haraka darasani. Sikumbuki kuwahi kuitolea mtihani.)

Kanuni ya pili ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ya mfano wake. James anasema kuteleza ni kama kuliangusha donge la uzi ambalo mtu anaendelea kulizungusha kwa uangalifu: kuanguka mara moja hufumua zaidi ya kile ambacho mizunguko mingi itakirudisha. Mimi nilikuwa nakwenda darasani na donge la kamba ya katani. Nilikuwa nalizungusha taratibu mbele yao huku nikisoma, kisha naliachia lianguke mezani, lijiviringishe hadi mlangoni likiacha mkia wake wote sakafuni. Wanachuo walicheka. Nami nikiwa nimesimama kwa utulivu niliwaambia, “Hiyo ndiyo sigara moja. Hiyo ndiyo chupa moja.” Katika mfuko wa koti langu mlikuwa na pakiti ya sigara na kiberiti. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mwaka 1989 nilifanywa mkuu wa chuo. Miongoni mwa wakufunzi wangu alikuwapo mmoja wa Hisabati, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, mwalimu ambaye sijaona mfano wake. Nitamwita Mwalimu tu. Alikuwa mlevi. Nani asiyejua nyanda zile wakati wa masika, mianzi inapokatwa na ulanzi unapotiririka katika mbeta! Asubuhi ni tamu kama togwa, na watoto huonjeshwa. Jioni umeshachacha na unaangusha wanaume. Njia ya kutoka chuoni kwenda nyumbani kwa Mwalimu ilipita mlangoni mwa kilabu. Mwaka 1990 alikosa vipindi mara nyingi mno, nami nikamwita ofisini, nikamfungulia James.

Nilifuata kitabu neno kwa neno. Jumatatu tarehe 7 Januari 1991 Mwalimu aliahidi mbele ya wakufunzi wote kwamba ameacha pombe siku hiyo hiyo. Alitia saini. Nikatundika kalenda ukutani mwa ofisi yangu, na kila asubuhi alikuja kuweka msalaba kwa kalamu nyekundu. Juma la kwanza alitetemeka mikono hata chaki ikawa inamkatikia ubaoni. Nilidhani ni aibu. Leo ninajua, kama anavyojua kila daktari, kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla mwili wake unaweza kuingia katika mtikisiko, kifafa na hata kifo, na kwamba anapaswa kuangaliwa hospitalini. James, ambaye alikuwa na shahada ya udaktari, anakiri katika kitabu kikubwa kwamba wataalamu walihitilafiana kuhusu kuacha ghafla au kidogo kidogo, na anaonya kwamba nia isibebeshwe mzigo utakaoivunja mwanzoni. Onyo hilo nililisoma. Sikulifundisha, wala sikulifuata.

Mwalimu alivumilia. Alivuka masika nzima, ulanzi ukimwagika kila upande, na misalaba ikafika 145. Jumamosi tarehe 1 Juni alikwenda kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake, akanywa. Jumatatu asubuhi alikuja ofisini mwenyewe, kabla ya kengele, akaniambia. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia. Harusi ilikuwa mbali na hapo. Angeweza kuchukua kalamu na kuweka misalaba yake, nami nisingejua hadi leo.

Nilisimama, nikaiondoa kalenda ukutani, nikaikunja. Nikamwambia kwamba donge limeanguka, tuanze tena sifuri.

Aliniuliza, “Zote, Mkuu?”

Nikamjibu, “Zote, Mwalimu. Ndiyo kanuni.”

Hakuanza tena. Baada ya wiki mbili alikuwa akinywa mchana. Mwezi wa Agosti niliandika barua kwa wakubwa wangu, na mwaka haukuisha kabla hajaondolewa kazini. Barua ile ilikuwa nzuri, yenye aya tatu, na katika aya ya pili nilieleza jinsi nilivyomsaidia.

Msomaji atasema kosa hapo ni la mkuu wa chuo, mwandishi wa kitabu hana lawama. Nakubali sehemu yake kubwa. Lakini nilikuwa mwanafunzi mwaminifu wa kitabu, na mwanafunzi mwaminifu anapofika mahali pabaya ni halali kukikagua kitabu. Nimekikagua kwa miaka mingi, na naona kwamba kanuni ya pili inapingana na nadharia ya James mwenyewe.

Tazama. Anasema kila tendo linaacha alama katika mishipa ya fahamu. Anasimulia habari za Rip, yule mlevi wa mchezo wa kuigiza, anayejisamehe kila mara kwa kusema kwamba hii ya leo haihesabiki. Naye James anajibu kwamba hata kama Mungu hataihesabu, chembechembe za neva zinaihesabu. Vema. Basi kama zinahesabu, zimehesabu pia zile siku 145. Mhasibu hawezi kuandika deni la Jumamosi kwa wino na akiba ya miezi mitano kwa mvuke. Ikiwa kunywa mara moja kumeacha alama moja, basi kukataa mara 145, tena katikati ya masika, kumeacha alama 145, na hazikufutika kwa sababu mkuu wa chuo amekunja karatasi.

Mtu anayemtetea James atajibu kwamba alama hazilingani, kwani zoea la zamani ni mfereji mrefu uliochimbika kwa miaka, na maji yakipata upenyo hurudi humo kwa nguvu. Ni jibu zuri, na James mwenyewe ananukuu mfano wa maji yanayojichimbia njia. Mimi nimekulia kwenye vinyungu na najua mifereji. Unapotaka kuyahamisha maji kutoka mfereji wa zamani kwenda mpya, unaziba banio kwa udongo, mawe na mabunda ya majani. Maji yatapenya, hasa usiku. Asubuhi unakwenda na jembe, unaziba pale palipopasuka, maji yanaendelea na mfereji mpya, ambao kila siku unazidi kuwa mfereji. Sijapata kumwona mkulima aliyekuta upenyo kwenye banio akaenda kuufukia mfereji mpya wote kwa kuwa amerudi sifuri. James alikuwa na mfano wa maji mkononi, akauacha akaenda kuchukua wa uzi, na uzi umewaharibia watu wengi.

Tena, kanuni yenyewe ilitoka wapi? Haikutoka maabara. Ilitoka kwa Bain, aliyeiandika kama mwanafalsafa wa maadili, na James akaipenda kwa kuwa inasikika kweli. Hapakuwa na mtu aliyeipima. Ilipokuja kupimwa, haikusimama vizuri. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 matokeo ya watu 96 waliojaribu kila mmoja kujenga zoea moja dogo kwa majuma kumi na mawili, kama vile kunywa maji au kufanya mazoezi kila siku baada ya tukio fulani. Kwa wastani zoea lilikaribia kukomaa baada ya siku 66, lakini baina ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kukosa siku moja hakukulidhuru zoea kwa kiasi cha kuhesabika. Hayo ni mazoea mema na madogo, si pombe, nami sitaki kuyanyoosha kupita urefu wake. Lakini kanuni ya James nayo ilidai kuwa ya mazoea yote.

Kwa upande wa pombe na sigara, Mmarekani Alan Marlatt na mwenzake Judith Gordon walitoa mwaka 1985 kitabu kilichoeleza jambo ambalo mimi nililiona kwa macho bila kulitambua. Walisema kuteleza ni jambo moja na kurudi kwenye uraibu ni jambo jingine, na kinachomvusha mtu kutoka la kwanza kwenda la pili mara nyingi ni tafsiri anayoipa ile mara moja. Akijiambia kwamba yote yamepotea na kwamba yeye ndivyo alivyo, ataimaliza chupa. Yaani anayeamini donge la uzi ndiye anayelifumua. Wakati kitabu hicho kinatoka mimi nilikuwa na miaka saba ya kuwafundisha walimu wa taifa hili kinyume chake, na kamba ya katani mkononi.

Sisemi kwamba kanuni ya pili haina kazi. Mtu aliyeacha sigara asijidanganye kwamba ataonja moja halafu aishie hapo, na kwa mlevi wa miaka mingi glasi ya kwanza ni hatari kweli. Kabla ya kuteleza, kanuni ni ukuta mzuri. Nilichokosea, na ambacho kitabu hakikunionya, ni kuuchukua ukuta ule na kumwangushia mtu aliyekwisha kuanguka.

Kuna upungufu mwingine katika sura ya nane, na kwangu ndio mkubwa zaidi: mtu wa James yuko peke yake. Ana nia yake, mwili wake na kalenda yake. Hana mke, hana majirani, hana njia inayopita kilabuni, hana saa kumi za jioni. Marekani hiyo hiyo ilikuja kupata somo kubwa kuhusu hili wakati wa vita vya Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari waliorudi nyumbani mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mteja wa heroini kule vitani, na serikali iliogopa kwamba miji ingejaa mateja. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, miongoni mwa hao waliokuwa mateja, takriban mmoja tu kati ya ishirini ndiye aliyerudia uteja. Wengi hawakupewa tiba yoyote. Walibadilisha mahali, wenzao, kazi na hofu. Nilipoyasoma hayo nikiwa nimekwisha kustaafu nilikumbuka ile njia ya kilabuni. Nyumba nyingine ya chuo, upande wa pili kuelekea kwenye kisima, ilikuwa wazi mwaka 1991 wote. Nilikuwa na ufunguo wake katika droo.

Na tazama sasa kinachoendelea Muhimbili, ambako tangu Februari 2011 waliozama katika heroini hupewa methadoni, wakaimeza mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Kwa kanuni ya pili kila asubuhi pale ni uvunjaji. Kwa macho ya mtu aliyewahi kuongoza chuo, ni mahudhurio: vijana ambao hawakuwa na saa wala mahali pa kuwapo sasa wana mahali wanapotarajiwa.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba James alilijua hili. Mwaka 1902 alitoa kitabu kingine, The Varieties of Religious Experience, kilichotokana na hotuba zake za Edinburgh, na humo anakieleza kisa cha S. H. Hadley, mlevi wa New York asiye na nyumba wala rafiki, ambaye aliokoka na kuacha pombe katika misheni ya watu waliokuwa walevi kama yeye. Hadley hakushinda kwa kukaza nia. Alishindwa kabisa, akakubali kuwa ameshindwa, akapokewa. James anaeleza kwa heshima jinsi kwa watu wengine ukombozi unavyoanza pale nia inapochoka na kuachia. Mwishoni mwa mwaka 1934 Bill Wilson, aliyelazwa hospitali ya New York kwa ulevi, alikisoma kitabu hicho. Mwaka uliofuata yeye na Dakta Bob Smith wakaanzisha kule Akron chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho moyo wake ni walevi kukaa pamoja na kuambiana ukweli. Kwa hiyo kitabu kimoja cha James kimewapa walevi wa dunia chumba cha kukaa, na kingine kimewapa wakuu wa vyuo kalenda. Mimi nilikuwa na kile cha kalenda.

Tena alikuwa na sababu ya nyumbani. Mdogo wake, Robertson, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliteswa na ulevi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akaacha, akarudia, akaacha tena. Ndugu hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1910. Kila nisomapo donge la uzi sasa, nashindwa kutomfikiria huyo Robertson. Je, kaka mtu alipokuwa akiwaambia walimu wa Cambridge kwamba kuanguka mara moja hufumua yote, alikuwa akimtazama nani moyoni? Pengine mfano ule si wa mwanasayansi hata kidogo. Pengine ni uchovu wa ndugu aliyeona uzi ukianguka mara nyingi mno. Ikiwa ndivyo, ningemsamehe upesi zaidi kama angesema.

Nilikutana na Mwalimu mwaka 1998 katika stendi ya Makambako. Mimi nilikuwa nasubiri basi la kwenda Njombe. Alinitambua yeye kwanza. Alikuwa amenenepa kidogo, shati limepigwa pasi, mikono imetulia. Tulikunywa chai, na nikamwuliza, kwa kuwa sikujua kuuliza vingine, ana siku ngapi.

“Siku gani, Mkuu?”

Nikamwambia za kutokunywa. Alifikiri, akasema labda mwaka wa tatu au wa nne, hakumbuki vizuri. Alipotoka chuoni alirudi kwa dada yake. Dada yake na wanawake wenziwe walikuwa na mashine ya kusaga, na walihitaji mtu wa kuandika hesabu na kusimamia kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, kwani asubuhi wanawake walikuwa mashambani. Hizo ndizo saa zake za kiu. Alinieleza kwa mpango kama anavyofundisha: unga unaruka, mkanda unakatika, watoto wanagombania foleni, mtu anadai chenji, na ukishtuka jua limezama na njaa imekushika, unataka ugali. Katika mwaka wa kwanza alianguka mara tatu, na mara moja alilala mtaroni. Nikamwuliza dada yake alisema nini.

“Hakusema kitu. Alisema kesho mashine inafunguliwa saa tisa.”

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka saba. Kondakta akapiga kelele za Njombe, Mwalimu akanibebea mzigo hadi mlangoni, akaniomba kama nikipata vitabu vya Hisabati vya darasa la saba nimpelekee, kwa sababu watoto wa foleni walikuwa wakimletea madaftari yao. Nilimpelekea vitabu sita. Maneno sikuyapeleka. Alifariki mwaka 2005, kwa malaria, na nilipata habari baada ya mazishi.

Nimeahidi kurudi kwenye pakiti ya sigara. Nilianza kuvuta JKT mwaka 1972, na tangu nilipokutana na James nilikuwa nimeacha kwa kishindo zaidi ya mara kumi. Kila mara ilikuwa hivi: naapa, navunja pakiti, nazungusha uzi wiki mbili au tatu, kisha siku moja yenye kero navuta moja, na kwa kuwa donge limeanguka, basi namalizia pakiti nzima na ya kesho yake. Kanuni iliyokusudiwa kunilinda ndiyo iliyokuwa ikinipa ruhusa. Hakuna aliyejua, kwa sababu mkuu wa chuo hana mkuu wa kumwekea kalenda.

Mwaka 2000, baada ya nimonia iliyonilaza siku tisa, nilianza kwa njia ya mashine ya kusaga. Saa yangu mbaya ilikuwa baada ya chakula cha usiku, nikikaa peke yangu ofisini na mafaili. Nikaacha kwenda ofisini usiku. Mafaili nikayahamishia alfajiri, na saa ile nikakaa barazani na mama watoto, ambaye sikuzote alikuwa na karanga za kubangua, na ambaye alinitazama juma zima kabla hajaniuliza kama ninaumwa. Miezi ya mwanzo vidole vyangu vilikuwa vyekundu kwa maganda. Mwaka 2003 tukamzika kaka yangu, na usiku wa matanga nilivuta sigara tatu mfululizo nyuma ya zizi. Kesho yake jioni nilikaa barazani, nikavuta ungo karibu, nikabangua. Mama watoto alinusa koti langu, akanisogezea gunia.

Kitabu kile ninacho mpaka leo. Nilipostaafu mwaka 2010 mkutubi aliniambia nikichukue, hakuna atakayekiulizia. Ndani yake, katika sura ya nane, nilikuta ile kalenda ya 1991 imekunjwa mara nne. Pembezoni mwa kanuni ya pili pana maandishi yangu ya penseli ya mwaka 1978: “Sahihi kabisa!” Sijayafuta. Mjukuu wangu anayesomea ualimu alikiona mwezi uliopita akataka kukiazima, nami nikampa pamoja na kalenda yake ndani, nikamwambia aisome sura ya nane kisha aje tubishane. Ameahidi kuja Jumamosi.